Tairi la Tano

Salina, Kansas
12 Juni 1974

Ndugu yangu Chano,

Habari za mguu wako zimenifikia, na kabla sijakupa pole nilicheka mpaka Arvilla akatoka jikoni kuuliza nimepatwa na nini. Mtu wa miaka hamsini na sita, aliyekwenda maili mia na thelathini kwa saa juu ya ule uwanda wa chumvi kule Utah bila hata mkwaruzo, anavunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye mchungwa. Pole, bwana. Pole sana. Lakini mchungwa?

Basi Agosti hii nitakwenda mashindanoni chumvini bila wewe, mara ya kwanza tangu mwaka hamsini na moja. Nimelisema, tuliache hapo.

Nina swali la kifundi. Wewe ndiye uliyelichomelea gari hili kule Wichita, ndani ya ghala la mama mkwe wangu, kwa hiyo mifupa yake unaijua kuliko mimi. Unakumbuka siku tuliyolileta: Ford ya mwaka thelathini na mbili, kuku wametagia kwenye kiti. Tukang'oa madigadi, tukang'oa bampa, tukalishusha mpaka likawa linanusa lami, tukalitia injini kubwa mara mbili ya ile liliyozaliwa nayo. Na kile chuma cha nyuma kilichokuwa kinabeba tairi la akiba ulikikata kwa mkono wako huku ukiimba. Tangu hapo limetembea kwa matairi manne, na mtu akituuliza la tano liko wapi, tulikuwa tunamjibu kwamba la tano ni la waoga.

Sasa nalitaka la tano. Nitalibeba wapi?

Nimeshafikiria la aina gani. Ya nyuma ni manene na ya mbele membamba, lakini rimu zote zina matundu matano yenye nafasi ileile, kwa hiyo jembamba moja litafaa popote, hata kama litakaa vibaya. Tatizo ni mahali pa kuliweka tu. Nijibu kwa barua. Simu sitaki, Arvilla anasikia hata ninavyopumua.

Na asijue kwamba nimekuuliza.

Wako,
Delbert Kratzer


Salina, Kansas
15 Juni 1974

Shemeji Chano,

Biskuti za tangawizi zilizo kwenye kopo ni zako peke yako. Dada yako akikutembelea, mwonyeshe kopo tupu.

Delbert hajui kwamba nakuandikia, nami naomba abaki hivyo.

Shemeji, mume wangu ana jambo. Juzi nilikwenda gereji kumwita chakula nikaona miguu yake miwili inaning'inia nje ya buti la lile gari. Alikuwa amelala humo ndani na futi ya kupimia. Nikamuuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Sipimi kitu." Mtu amejikunja ndani ya buti kama paka kwenye kapu, futi mkononi, penseli sikioni, hapimi kitu. Halafu Jumatano nikaliona tairi jipya nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, limefunikwa kwa mfuko wa mbolea. Anataka kulitia kwenye buti.

Nikuambie kwa nini linanikera. Kila Agosti huweka boksi la spana na boksi la barafu kwenye kiti cha abiria, hunibusu shavuni, akaondoka. Miaka ishirini na miwili sasa. Hajawahi kusema "twende," nami sijawahi kusema "nichukue." Lakini mwaka huu wewe hutakuwepo, na nilidhani atahitaji mtu wa kuzungumza naye kule. Nilinunua sanduku dogo la buluu, nimelificha nyuma ya pipa la unga. Nililipima kwanza dukani kwa kipande cha kamba nilichokatia urefu wa buti, muuzaji akaniona kichaa. Linaingia vizuri kabisa, shemeji, iwapo ndani ya buti hamna kitu kingine.

Naye katika Agosti zote amechagua hii kubeba tairi.

Wewe anakusikia. Mwambie halitoshi. Mwambie litaharibu gari, mwambie lolote. Nafasi ile niachie mimi na sanduku langu, la kumwomba nitaliomba mwenyewe.

Shemeji yako,
Arvilla


Bakersfield, California
22 Juni 1974

Delbert, mzee wangu,

Mchungwa una urefu wa futi kumi na nne. Nilitaka ulijue hilo kabla hujawasimulia watu chumvini. Wakikuuliza, sema ishirini.

Nimelala hapa mguu juu kama bunduki iliyoegeshwa, na dada yangu ananilisha tamale zake za unga wa mahindi mpaka nahofia nikipona sitaenea nyuma ya usukani. Kwa hiyo nafasi ya kufikiria swali lako ninayo. Lakini kwanza nijibu langu. Mtu aliyekuwa akiwaita wenye tairi la akiba wanawali kwa nini leo analitaka? Umeota nini?

Sasa mahali. Nyuma, nje, palepale tulipokata. Nitakuchorea kishikio kipya, fundi yeyote wa huko atakichomelea nusu siku.

Kama hutaki, mbele ya rejeta, ukilisimamisha na mikanda miwili. Nimewaona wengine wakifanya hivyo.

Kama hutaki tena, lisimamishe nyuma ya kiti, katikati ya mgongo wa kiti na ukuta wa buti. Utasogeza kiti mbele inchi sita.

Kwenye buti usiliweke. Sababu zipo, ni za kifundi, na ni ndefu mno kwa mtu aliyelala chali. Niamini tu.

Wako anayewashwa ndani ya plasta,
Chano Ordaz


Salina, Kansas
28 Juni 1974

Chano,

Nyuma, nje: hapana. Tulihangaika majira yote ya baridi kuunyoosha mgongo wa gari lile mpaka ukawa laini kama shingo ya bata, na leo niubandike tairi kama kibyongo? Nitaliuza kwanza.

Mbele ya rejeta: bwana, dawa za maumivu wanakupa nyingi. Nikipandisha mlima wa Berthoud bila upepo kwenye rejeta, injini itachemka kabla sijafika nusu, na nitapikia mayai juu ya boneti.

Nyuma ya kiti: nimejaribu. Nilisogeza kiti inchi sita, nikaingia, nikashindwa kutoka. Tumbo lilikamatwa na usukani. Nilipiga honi mpaka Arvilla akaja. Alinitazama juu mpaka chini, akavuta kiti, akarudi ndani. Siku hizi ananitazama hivyo sana.

Limebaki buti, na sababu zako za kifundi sizioni. Nimeshatoboa matundu ya mkanda.

Umeuliza kwa nini. Nitakuambia, nawe ulizike. Nataka kumchukua Arvilla.

Unajua kilichotokea mwaka hamsini na mbili, ila hujui chote. Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tuoane. Tairi la nyuma lilipasuka magharibi ya Maybell, Colorado, mahali ambapo hakuna hata kichaka cha kujificha nyuma yake. La akiba hatukuwa nalo kwa sababu mimi nililikataa. Niling'oa gurudumu nikalibingirisha barabarani maili tisa kabla sijapata lori la kunibeba. Niliporudi zilikuwa zimepita saa sita. Nilimkuta ameketi kando ya gari, uso mwekundu kama nyanya, na michirizi ya machozi mashavuni. Akaniambia, "Delbert Kratzer, sitakanyaga tena ndani ya gari hili maisha yangu yote." Arvilla si mtu wa kusema asichokusudia. Sikumwomba tena. Ningemwomba kwa uso gani?

Machi nimetimiza hamsini na minane. Baba yangu aliishia sitini na moja. Nimekaa nikahesabu Agosti, Chano, na nimechoka kula maharagwe ya kopo nikitazama jua linavyoshuka kwenye ule weupe bila mtu wa kumwambia tazama.

Kwa hiyo nataka tairi liwemo kwanza, limefungwa, aweze kuliona na kuligusa. Ndipo nimuulize. Akikataa nitakuwa nimejaribu. Ukimwambia kabla yangu nakuja Bakersfield kuvunja ule mguu mwingine.

Delbert


Bakersfield, California
3 Julai 1974

Shemeji Arvilla,

Biskuti zimekwisha, na dada yangu ameliona kopo tupu kama ulivyoagiza. Asante.

Kuhusu lile ulilonituma, nimejaribu. Nimemwambia asiliweke kwenye buti. Sijui kama amesikia.

Shemeji, nina swali, na usiniulize kwa nini nauliza. Unaikumbuka siku tairi lilipopasuka Maybell? Ile ya mwaka hamsini na mbili. Nisimulie ilivyokuwa kwa upande wako. Nimelala hapa sina cha kusoma ila magazeti ya Februari yaliyotoka kwa daktari wa meno.

Na tafadhali usirudishe lile sanduku dukani.

Chano


Salina, Kansas
8 Julai 1974

Shemeji,

Swali lako limenishangaza. Nitakujibu kwa sababu umenikumbusha mojawapo ya siku nzuri za maisha yangu, na wiki hii nilihitaji moja.

Delbert alipoondoka akibingirisha gurudumu lake, nilimtazama mpaka akawa mdogo kama siafu. Nilikuwa na mwavuli, kitabu na mfuko wa pichi. Baada ya saa moja hivi likaja kundi la kondoo, sijui mia ngapi, na mbwa watatu, na mchungaji mmoja wa makamo, Mbaski kutoka milima ya Hispania, mwenye sharubu kama usukani wa baiskeli. Kiingereza chake kilikuwa maneno kumi na mawili. Akawasha moto kando ya barabara, akanichemshia kahawa nzito, akanikatia mkate na jibini, nami nikampa pichi. Akanifundisha kuwaita wale mbwa kwa lugha yake. Mpaka leo naweza. Halafu akasimama akaimba, shemeji, hapo jangwani, wimbo wa kwao. Sikuelewa hata neno moja, nikalia kama mtoto. Akanichekesha kwa kujidai naye analia. Nilichomwa na jua kwa sababu mwavuli nilimpa yeye, kichwa chake hakikuwa na nywele.

Delbert aliporudi alikuwa amenuna, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamtupia neno la kumchokoza kuhusu gari lake, hata silikumbuki. Nilidhani atacheka, na akishacheka ndipo nimsimulie. Hakucheka. Alifunga gurudumu, akageuza gari kurudi nyumbani, na hakufungua mdomo hadi Steamboat Springs. Sikumsimulia tena. Na tangu siku ile hakunichukua. Nimewaza kwamba aliniona nina mkosi, au kwamba alitaka kule pawe mahali pake peke yake. Wanaume wengine wako hivyo, na wakiwa wazuri katika mengine yote mtu anakubali.

Lakini jana ameshafunga mkanda. Tairi liko katikati ya buti, limelala, limekazwa kama mgonjwa wa wazimu. Sanduku haliingii hata kwa kusimama. Sijalirudisha dukani, kama ulivyoomba. Nimemwandikia dada yangu wa Hutchinson kwamba nitakwenda kukaa naye wiki ya Agosti kumi, na nitakwenda nalo huko.

Usihangaike tena. Uguze mguu.

Arvilla


Bakersfield, California
13 Julai 1974

Delbert na Arvilla,

Barua hii ni ya wote wawili. Imeandikwa majina mawili juu ya bahasha kwa wino mwekundu ili asitokee mmoja akaifungua gereji au nyuma ya pipa la unga. Ketini mezani. Delbert, vaa miwani, soma kwa sauti. Usiruke mahali.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Sikusomea ukarani wa posta. Kwa mwezi mzima nyumba moja imeniandikia kwa mikono miwili, na kila mkono umeniapisha nisimwambie mwingine. Nina mguu mmoja mzima na ninyi mnanitegua shingo. Viapo vyenu nimevivunja leo asubuhi baada ya chai. Kuja kunivunja mguu wa pili mnaruhusiwa, ila mje pamoja.

Arvilla, tairi lile ni lako. Amelinunua ili akuombe uende naye. Hajakuomba miaka ishirini na miwili kwa sababu Maybell ulimwambia hutakanyaga tena ndani ya gari lile maisha yako yote, naye alikuamini. Lile ndilo neno la uchokozi usilolikumbuka. Yeye analikumbuka, mpaka na jina lake la ukoo ulivyolitamka.

Delbert, mkeo ana sanduku la buluu nyuma ya pipa la unga. Alilinunua ili akuombe umchukue. Alilipima kwa kamba. Siku ile Maybell hakulia kwa ajili yako, kwa hiyo jishushe kidogo. Muulize alilia kwa nini. Muulize juu ya kahawa.

Sasa kazi, maana swali uliloniuliza nililichukua kwa uzito wake, na jibu ninalo. Mlikuwa mnagombea buti kama kwamba ama liingie tairi ama aingie mtu. Tazama mchoro niliouweka ndani ya bahasha. Tairi ni duara, buti lina pembe nne. Tairi likilala katikati, zinabaki pembe nne tupu, na pembe hizo zinaingia viatu, jeki, spana na chupa za maji bila kugusana. Halafu geuza rimu, uso wake wa ndani utazame juu. Pale katikati pana bakuli la inchi kumi na tano, kina chake kiganja kizima. Sanduku haliwezi kukaa pale kwa kuwa sanduku ni gumu na lina kona. Mfuko wa turubai ulioshonwa mviringo unaingia kama yai kwenye kiota chake. Juu ya vyote weka ubao mwembamba, na juu ya ubao zinakaa blanketi na koti.

Kwa hiyo nilikosea niliposema usiliweke kwenye buti. Sababu za kifundi hazikuwepo. Shemeji alinituma.

Mkimaliza kusoma mnijibu. Nimechoka kukisia.

Chano


Salina, Kansas
19 Julai 1974

Shemeji Chano,

Naandika mimi, na Delbert ameketi hapa akinichungulia begani. Atapata nafasi yake mwishoni.

Alisoma kwa sauti kama ulivyoamuru. Alipofika penye Maybell akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha meza, na mimi nikaichukua karatasi nikamalizia. Pai ya cheri ikapoa mbele yetu. Wa kwanza kusema alikuwa yeye.

"Kahawa gani?"

Nikamsimulia. Kondoo, mbwa, jibini, wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Mbaski," akasema.

"Mbaski."

"Mimi nabingirisha gurudumu maili tisa, malengelenge mikono yote, nalia njia nzima kwamba nimemuua mke wangu kwa jua. Kumbe wewe unaimbiwa."

"Nilimpa na mwavuli wako."

"Ule mwavuli ulikuwa wa mama yangu, Arvilla."

Hapo nilianza mimi kucheka, naye akafuata, na shemeji, tulicheka mpaka ikabidi nishikilie sinki. Kila tulipotulia mmoja anasema "Mbaski" tunaanza upya. Halafu akaacha kucheka akaniuliza vizuri, kwa maneno kamili, kama alivyoniomba ndoa kwenye ngazi za kanisa: "Arvilla, utakwenda nami chumvini Agosti?" Nikamwambia nitafikiria. Akageuka rangi. Nikamwambia nimeshafikiria.

Kwa dada yangu nimeandika kwamba siendi. Amejibu kwa mstari mmoja: "Hatimaye."

Mfuko nimeushona kwa turubai ya hema la zamani, mviringo, na kamba ya kukaza mdomoni. Unaingia gauni mbili, suruali moja, sweta, vitu vya kuogea na kitabu. Viatu vimepata pembe yake nyuma kulia. Boksi la spana limefungwa chini ya miguu ya abiria, nami nimeambiwa nikanyage juu yake bila wasiwasi.

Delbert sasa.

Chano, ubao nimeukata kwa kipimo ulichochora, ukapungua robo inchi upande wa kushoto, kwa hiyo wewe si malaika. Vingine vyote sawa. Nilisimama nikalitazama buti limefungwa, na kwa nje huoni kitu, mgongo uko laini vilevile. Sina la kukulipa. Nitakuletea chumvi kwenye chupa.

Arvilla na Delbert


Craig, Colorado
13 Agosti 1974
(nyuma ya kadi yenye picha ya paa-milima)

Chano, tumepata pancha. Tairi la nyuma kulia, msumari wa kiatu cha farasi, maili tatu kabla ya Craig, mchana. Nilikuwa sijamaliza kutukana, Arvilla ameshafungua buti, amevuta mfuko wake, ameniwekea spana mkononi. Dakika ishirini na mbili kutoka kusimama hadi kuondoka. Jeki alipampu yeye. Kwa kuwa jembamba limekaa mahali pa nene, gari limeinama upande kama bata aliyekanyaga mwiba, na mji mzima umetoka kutupungia. Fundi anaziba lile nene sasa hivi. Arvilla anakusalimu, na ananiambia niandike kwamba alisikitika kidogo jambo lilipokwisha upesi. D.


Wendover, Utah
17 Agosti 1974

Shemeji Chano,

Nakuandikia mezani kwenye hoteli, asubuhi, nywele zangu zimesimama kwa chumvi na sina mpango wa kuzifanya lolote.

Watu wote wameuliza habari zako. Nimewaambia mchungwa ulikuwa na futi ishirini na tano. Delbert alitaka kusahihisha, nikamkanyaga.

Nimekaa hapa siku tatu, na nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Nilidhani nitasoma kitabu changu kivulini wakati wao wanazungumza habari za kabureta. Kitabu sijakifungua. Ule weupe, shemeji, kwa nini hamkuwahi kunieleza? Miaka yote hii Delbert akirudi namuuliza kulikuwaje, anasema "Kulikuwa na joto." Jana jioni alikuwa anafungua kopo la maharagwe, jua limegusa ile milima ya mbali na chumvi yote imegeuka waridi, akasema, "Arvilla, tazama." Nikatazama. Akabaki ameshika kopo hajalimalizia kufungua.

Lakini nataka kukuambia la leo.

Tuliamka mapema, kabla magari ya mashindano hayajaanza, tukatoka pembeni kabisa mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kujiendea. Tulipakua kila kitu, tairi, mfuko, viatu, spana, tukaviacha kwenye turubai. Delbert akasema gari likiwa jepesi lina tabia nyingine. Akanizungusha mara mbili, vizuri, kwa adabu. Tuliposimama nikamwambia, "Sasa teremka uzunguke."

"Nizunguke niende wapi?"

"Upande huu. Naendesha mimi."

Akanitazama. Mume wangu ananijua kwa gari letu la kwenda sokoni. Amesahau kwamba nimezaliwa kwenye shamba la ngano, na kwamba nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa napeleka lori limejaa hadi ghalani, nimekalia vitabu viwili vya simu ili nione njia. Au hakusahau, hakuwahi kuuliza.

"Klachi yake ni kali," akasema.

"Nimeisikia tangu Salina."

Akateremka, akazunguka, akakaa. Akashika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine.

Nikaliondoa polepole. Gia ya pili akaniambia ngoja, nikangoja. Gia ya tatu akaniambia ingiza, nilikuwa nimeshaingiza. Mpaka maili sitini alikuwa anazungumza mfululizo: usikaze usukani, usitazame karibu, sikiliza injini, Arvilla, sikiliza injini. Kwenye sabini kofia ikaondoka, na yeye akanyamaza. Chumvi haina nguzo wala mti, unakuwa kama umesimama na dunia nzima ndiyo inayokimbia chini yako, huwezi kujua ila kwa mshale wa spidi. Mshale ulisema themanini, tisini. Upepo ulinivuta mashavu mpaka masikioni. Nilimsikia mtu anapiga kelele nikafahamu ni mimi, na nilikuwa nawaita wale mbwa wa Mbaski, mmoja mmoja, kwa majina.

Mia na sita, shemeji. Nitakuapia juu ya chochote unachotaka.

Nililiachia lipungue lenyewe, kama anavyofanya yeye, bila kugusa breki. Likasimama. Injini ikawa inatoa ule mlio wa chuma kinachopoa, na chumvi inadondoka chini ya chesisi, tik, tik. Kofia yake ilikuwa nukta nyeusi nyuma yetu, maili nzima huko. Sikuthubutu kumtazama. Gari lile ni maisha yake, na nilikuwa nimelifanyia jambo ambalo hakuniomba.

Nywele zake chache zote zimesimama. Macho yanamtoka machozi, ya upepo au ya kitu kingine, sikuuliza. Kisha akajipangusa uso kwa kiganja, akalegeza vidole kwenye mlango kimoja kimoja.

"Tena," akasema.

Tumekwenda mara nne. Tumerudi hotelini kunywa maji na kupata chochote cha kula, nikasema nikuandikie upesi kabla hayajanitoka. Chupa yako ya chumvi imejaa, iko mezani hapa. Nilitaka kukueleza na habari za mama mmoja mwenye gari la kijani, lakini nasikia honi nje. Nimechungulia dirishani. Delbert ameshaliosha gari, ameshakaa ndani, mkanda amefunga, upande wa abiria.

Shemeji yako,
Arvilla Kratzer